Goti bandia la mama limekakamaa katika wiki ya 6: apumzike au afanye mazoezi?

SWALI: Mama yangu ana miaka 66. Anaishi Mabatini jijini Mwanza na ni mchuuzi wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Wiki 6 zilizopita alibadilishiwa goti la kulia baada ya kusumbuliwa kwa miaka mingi na kusagika kwa gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo. Kidonda kimefunga na nyuzi zimetolewa, lakini goti bado limevimba, lina joto, na usiku linamnyima usingizi. Alipopimwa wiki iliyopita tuliambiwa kwamba linakunjika hadi digrii 75 tu, na kwamba limebakiza digrii 10 kunyooka. Mama wadogo wanashauri alale kitandani, mto ukiwa chini ya goti, mpaka uvimbe uishe, na wanataka kumkanda kwa maji ya moto. Mama anatumia dawa za presha. Je, apumzike au afanye mazoezi? Ataweza tena kuchuchumaa chooni, kupiga magoti na kurudi Mwaloni? Na goti hilo litadumu miaka mingapi?

JIBU: Dada, pole sana kwa kuuguza, na umfikishie mama salamu zangu. Nianze na jambo lisiloweza kusubiri: mama asilazwe kitandani, na mto uondolewe chini ya goti leo hii. Uvimbe, joto na maumivu ya usiku unayoyaeleza ni mambo ya kawaida katika wiki ya 6, na joto la goti linaweza kuendelea kwa miezi kadhaa bila kuwa dalili ya ubaya wowote. Kinachonitia wasiwasi ni zile namba mbili ulizoziandika. Goti lililobadilishwa hutarajiwa kukunjika walau digrii 90 kufikia wiki hii, na kunyooka kabisa au karibu kabisa. Mama yuko nyuma ya hapo. Hajachelewa kiasi cha kukata tamaa, lakini hana wiki za kupoteza.

Mama wadogo wanashauri kwa mapenzi, na ninaelewa wanakotoa ushauri huo: wamezoea mfupa uliovunjika, ambao hufungwa plasta na kutulizwa mpaka uunge. Goti bandia ni habari nyingine. Katika upasuaji huu daktari huondoa gegedu lililosagika pamoja na kipande chembamba cha mfupa kwenye ncha ya chini ya mfupa wa paja na ncha ya juu ya mfupa wa muundi, kisha huzivika ncha hizo vifuniko vya metali, na kati yake huweka kipande cha plastiki ngumu ambacho ndicho kinachoteleza badala ya gegedu. Vifuniko hivyo mara nyingi hugandishwa kwenye mfupa kwa saruji maalumu inayokauka mgonjwa akiwa bado mezani, na ndiyo sababu wagonjwa wengi husimamishwa siku ileile au siku inayofuata. Hakuna mfupa unaosubiriwa uunge. Kinachopona ni ngozi, misuli, kano na ule mfuko unaolizunguka goti, na hivyo vyote hupona vizuri vikiwa vinatembezwa.

Sasa, kwa nini goti hukakamaa? Baada ya upasuaji maji na damu hujaa ndani ya mfuko wa goti, na goti lililojaa huona nafuu likikunjwa kidogo. Hapo ndipo utamu wa mto unapotoka. Mgonjwa akilala hivyo usiku na mchana, misuli ya nyuma ya paja hufupika, mfuko wa goti upande wa nyuma hujikunyata, na kovu huota juu ya pia ya goti, mahali ambapo tabaka mbili hupaswa kuteleza moja juu ya nyingine kila goti linapokunjwa. Kovu changa ni kama udongo wa mfinyanzi ulio mbichi: kwa miezi 3 ya mwanzo hufuata mkono, na baada ya hapo huanza kukauka katika umbo lililoachiwa. Wakati huohuo msuli mkubwa wa mbele ya paja huwa umezimwa na uvimbe wenyewe, kwa sababu mishipa ya fahamu ya goti lililojaa maji huuzuia usikaze. Tafiti zilizopima nguvu ya msuli huo zimeonesha kwamba hupungua kwa zaidi ya nusu katika mwezi wa kwanza baada ya upasuaji. Kwa hiyo mama anapojaribu kuunyoosha mguu nao ukakataa, msimwone mvivu wala mwoga. Msuli wake kwa kweli haupati amri kamili, na dawa yake ni kuukazisha mara nyingi kwa siku mpaka uzinduke.

Karibu kila familia huniuliza goti limekunjika kiasi gani. Mimi huuliza kwanza limenyooka kiasi gani, na katika hali ya mama ningeweka nguvu hapo kabla ya pengine popote. Mtu ambaye goti lake limebakiza digrii 10 kunyooka hutembea kama mwenye mguu mfupi; msuli wa paja humfanyia kazi muda wote anaposimama, huchoka upesi, na baada ya miezi michache kiuno na nyonga huanza kulalamika. Anaweza kukunja vizuri na bado akachechemea maisha yake yote. Mama akae kitandani mguu ukiwa mbele, aweke kitenge kilichoviringishwa chini ya kisigino, ili nyuma ya goti ibaki hewani bila kitu chochote chini yake. Akae hivyo dakika 10, mara 3 au 4 kwa siku. Akiwa katika hali hiyo akaze msuli wa paja kana kwamba anataka kuigusisha nyuma ya goti kwenye godoro, ahesabu hadi 5, alegeze, na arudie mara 10. Kila baada ya siku chache alale mguu ukiwa tambarare, bila kitenge, nawe upitishe kiganja chini ya goti: nafasi ikipungua, kazi inafanyika.

Kukunja kufanyike kwenye kiti imara cha kawaida. Avue kiatu, aweke unyayo juu ya kitambaa ili uteleze sakafuni, auvute mguu nyuma chini ya kiti hadi mahali anapohisi kukazwa, kisha auache unyayo palepale na asogeze makalio mbele kidogo. Mwendo huo mdogo wa makalio huongeza kukunja bila mtu yeyote kumgusa. Ashikilie kwa kuhesabu hadi 15, arudi, na arudie mara 10. Akiwa kitandani anaweza kupitisha kanga chini ya unyayo na kujivuta mwenyewe taratibu. Ninasisitiza neno mwenyewe, kwa sababu ndugu mwenye nguvu na huruma anapoamua kulisukuma goti mpaka mgonjwa apige kelele, mara nyingi matokeo yake ni kuvujia damu ndani, uvimbe mpya, na mgonjwa anayeogopa mazoezi kwa wiki nzima.

Mazoezi yatauma, na msimfiche mama jambo hilo. Kipimo ninachowapa wagonjwa ni hiki: maumivu yakitulia ndani ya saa moja au mbili baada ya mazoezi, na asubuhi goti likawa halijavimba kuliko jana, kiasi hicho kinamfaa. Akiamka limevimba zaidi, siku hiyo apunguze idadi kwa nusu, lakini asiache. Uvimbe usitumike kama ruhusa ya kulala, kwa sababu ukisubiriwa uishe ndipo mazoezi yaanze, utaisha wakati kovu limeshakomaa.

Dawa za maumivu zinatumiwa vibaya katika nyumba nyingi, na hapa ninasema kwa uchungu kidogo. Familia huzihifadhi kwa ajili ya siku ambayo maumivu yatazidi, mgonjwa anavumilia kwa ushujaa, na matokeo yake hafanyi mazoezi. Dawa aliyoandikiwa ameze kama alivyoelekezwa, na ikiwezekana dozi moja iangukie nusu saa hivi kabla ya mazoezi, kwa kuwa kazi yake katika kipindi hiki ni kumwezesha kukunja na kunyoosha. Kwa kuwa ana presha, msimnunulie diklofenaki wala ibuprofeni dukani bila kumuuliza daktari wake. Dawa hizo zinaweza kupandisha presha na kuumiza figo, na kama bado anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, zinaongeza hatari ya kutokwa damu. Akiwa anapewa tramadoli, ambayo ni dawa kali ya maumivu, anywe maji ya kutosha na ale matunda na mboga, maana dawa hiyo hufanya choo kigumu, na awe mwangalifu na kizunguzungu anapoinuka.

Kuhusu kukandwa kwa maji ya moto, jibu langu ni hapana kwa sasa. Joto huvuta damu zaidi kwenye goti ambalo tayari lina joto na limevimba. Zaidi ya hayo, karibu wagonjwa wote hubaki na ganzi upande wa nje wa kovu, kwa sababu mshipa mdogo wa fahamu unaopita mbele ya goti hukatwa wakati wa upasuaji. Ganzi hiyo yenyewe haina madhara, lakini inamfanya mgonjwa asihisi maji yanapomuunguza. Tumieni barafu, dakika 15 hadi 20, baada ya kila awamu ya mazoezi. Mnayo karibu, kwa kuwa Mwaloni barafu ya kuhifadhia samaki huuzwa kila siku. Hata hivyo barafu hiyo si safi, hivyo iwekwe ndani ya mfuko usiovuja, uzungushiwe kitambaa, na isiguse ngozi moja kwa moja. Baada ya hapo alale kwa nusu saa mguu ukiwa juu kuliko kifua, mto ukiwa chini ya shavu la mguu na kisigino, si chini ya goti. Akilala kwa ubavu usiku, aweke mto katikati ya magoti.

Lipo jambo jingine ambalo hukulitaja, ila kwa kuwa ninaifahamu Kanda ya Ziwa nalitaja. Akitokea mtu wa kupendekeza chale kwenye goti, au dawa ya kupaka juu ya mikwaruzo, au sindano ya goti katika duka la dawa, mkatae kwa heshima na kwa uthabiti. Ninasema hivyo kwa sababu ya metali iliyo ndani. Bakteria wakiifikia metali hujitengenezea utando juu yake, na kwa kuwa metali haina mishipa ya damu, antibaiotiki haziwezi kuusafisha utando huo peke yake. Maambukizi yakigunduliwa mapema, daktari anaweza kulifungua goti, kulisafisha, kubadilisha kile kipande cha plastiki na pengine kuviokoa vifuniko. Yakichelewa, goti lote hutolewa, mgonjwa hukaa wiki nyingi bila goti la kudumu, kisha hufanyiwa upasuaji wa pili. Kwa sababu hiyohiyo msianze kumpa antibaiotiki nyumbani kabla goti halijachunguzwa. Zinaweza kuwaficha bakteria wasionekane kwenye vipimo na zisiwaue.

Zijueni dalili zinazotaka hospitali siku hiyohiyo. Kidonda kilichofunga kikianza kutoa maji au usaha, wekundu unaotambaa, maumivu yaliyokuwa yakipungua yakaanza kupanda kila siku, homa na kutetemeka. Hapa kwetu homa ina mtego wake, kwa kuwa malaria ipo, na kipimo cha haraka kikionesha malaria watu huridhika na kurudi nyumbani na dawa. Apimwe malaria, ndiyo, lakini goti nalo liangaliwe, kwa maana kuwa na malaria hakumzuii mtu kuwa na maambukizi ya goti. Dalili nyingine ni za damu kuganda: shavu la mguu kuuma na kukaza, mguu mzima kuvimba hadi chini kwa namna ambayo haipungui hata asubuhi. Akipata ghafla kichomi cha kifua au kuhema kwa shida, msisubiri kupambazuke. Inawezekana bonge la damu limetoka mguuni na kufika kwenye mapafu, na hiyo ni hali ya dharura.

Sasa nirudi kwenye zile digrii 75. Ningeomba mrudi kliniki wiki hii, hata kama mmepangiwa tarehe ya mbele. Daktari aliyempasua atataka kujihakikishia kwa picha na vipimo kwamba viungo bandia vimekaa sawa na kwamba hakuna maambukizi yanayolikakamaza goti, kisha mama awekwe kwenye ratiba ya fiziotherapia ya mara 2 au 3 kwa wiki. Kama daktari wenu yuko mbali, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando ina madaktari wa mifupa na huduma ya fiziotherapia, na si lazima msafiri nje ya Mwanza kwa ajili ya mazoezi. Ikiwa baada ya wiki kadhaa za juhudi ya kweli goti bado halijafika 90, daktari anaweza kupendekeza kulikunja akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi au amepigwa ganzi ya mgongo, ili kuachanisha makovu yaliyogandana. Njia hiyo hufanya kazi vizuri zaidi ndani ya miezi 3 ya kwanza. Baadaye kovu huwa gumu, na nguvu inayohitajika huongeza hatari ya kuvunja mfupa au kuchana kano. Hilo ndilo linalonifanya niandike wiki hii na si mwezi ujao. Na ikifika huko, mazoezi lazima yaanze siku ileile anapozinduka, la sivyo goti hurudi lilipokuwa.

Nimefikiri pia juu ya nyumba yenu. Mabatini ni mlimani, njia ni za mawe, na mvua ikinyesha mawe hayo huteleza. Kwa muda huu mama atembee na fimbo yenye mpira chini, aishike mkono wa kushoto, yaani upande ulio kinyume na goti lililopasuliwa. Wengi huishika upande wa goti bovu na hapo huzidi kuyumba. Anapopanda ngazi atangulize mguu wa kushoto ulio mzima, anapoteremka atangulize wa kulia uliopasuliwa, fimbo ikienda pamoja nao. Kama kuna ndugu anayeishi tambarare, kuhamia kwake kwa mwezi mmoja ni uamuzi mzuri, hasa akiwa karibu na barabara ya lami ambapo anaweza kutembea dakika 10 asubuhi na jioni na kuongeza kidogo kila wiki. Bodaboda kwa sasa ziachwe. Kwenye gari akae kiti cha mbele kilichosogezwa nyuma.

Suala la choo linastahili jibu la wazi, kwa kuwa wagonjwa wengi huona aibu kuliuliza wakati ndilo linalotawala siku yao. Kutembea kwenye tambarare kunahitaji goti likunjike takriban digrii 70. Kuinuka kwenye kiti bila kujisukuma kwa mikono kunahitaji 90 na zaidi kidogo. Kuchuchumaa kabisa kunapita 130. Magoti bandia mengi, hata yaliyofanikiwa sana, huishia kati ya 110 na 120. Kwa hiyo mama asiahidiwe choo cha kuchuchumaa. Wapo wachache wanaofika huko, hasa waliokuwa wakikunja sana kabla ya upasuaji, lakini hata wao sipendi wafanye hivyo kila siku, kwa sababu katika mkunjo ule plastiki hubanwa kwenye ukingo wake wa nyuma. Fundi seremala anaweza kutengeneza kiti imara chenye tundu, cha kimo kinachomfikisha mama kukaa bila goti kupita digrii 90, kikawekwa juu ya choo kilichopo. Mkiweza kufunga choo cha kukaa na bomba la kushikia ukutani, ni bora zaidi. Gharama hii ingepaswa kupangwa pamoja na ya upasuaji wenyewe, na natamani kila familia iambiwe mapema.

Kupiga magoti ni suala tofauti na kuchuchumaa. Kugusisha goti chini hakuvunji kiungo bandia, ila kovu huuma, ganzi humfanya mtu ahisi kitu kigeni, na ule mkunjo wa kushuka na kuinuka ndio mgumu. Asijaribu kabla ya miezi 3 hadi 6, na kabla ya daktari kumruhusu. Siku atakayojaribu, aanze juu ya godoro, akitanguliza goti la kulia chini na kuinuka kwa mguu wa kushoto, huku ameshika kiti. Wengi hawaridhiki na hali hiyo na huamua kuacha. Najua uzito wa jambo hili kwa mama wa Kisukuma aliyelelewa kusalimia wakubwa kwa magoti. Hapo kazi ni yako na ya ndugu zako, kuwaeleza wazee mapema ili asionekane amewavunjia heshima anapoinama tu. Ibada, iwe kanisani au msikitini, aifanye akiwa amekaa kwenye kiti.

Kuhusu miaka, uchambuzi mkubwa wa takwimu za wagonjwa uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la The Lancet ulikadiria kwamba takriban magoti 82 kati ya 100 yaliyobadilishwa kikamilifu bado yalikuwa yakifanya kazi baada ya miaka 25. Kwa umri wa mama, kuna matumaini makubwa kwamba hili litamtosha. Hata hivyo mseme ukweli nyumbani: takriban mtu mmoja kati ya watano hubaki bila kuridhika kikamilifu, mara nyingi kwa sababu ya maumivu yanayosalia au goti lisilokunjika kama alivyotarajia, na nafuu yenyewe huendelea kuongezeka polepole hadi mwaka mzima. Kumhukumu daktari au goti katika wiki ya 6 ni mapema mno.

Kurudi Mwaloni kunawezekana, na ningependa arudi, kwa sababu mtu mwenye kazi inayomsubiri hufanya mazoezi kwa bidii. Nisingemruhusu kabla ya miezi 3, na kabla goti halijafika digrii 90 na kunyooka. Kigoda kile cha chini ambacho wachuuzi wengi hukalia hakimfai tena. Atafute kiti cha kimo cha kawaida chenye mgongo na meza ya kupangia dagaa, ili asiiname wala kukunja goti kwa saa nzima, na kila baada ya nusu saa asimame atembee hatua chache. Magunia yabebwe na wabebaji. Gharama yake iingizwe kwenye hesabu ya biashara. Avae viatu vilivyofunika vidole, kwa kuwa mwiba wa samaki unaochoma unyayo unaweza kupeleka bakteria kupitia damu hadi kwenye goti, hata miaka kadhaa baadaye. Jino bovu, kidonda cha mguu na maambukizi ya mkojo vitibiwe mapema kwa sababu hiyohiyo, na kila daktari atakayemtibu aambiwe kwamba ana goti bandia.

Kuingia ziwani kununua mzigo kwenye mitumbwi aachie wengine. Chini ya maji mawe yana utelezi, kidonda kipya hakipaswi kuloweshwa, na maji ya kingoni mwa Ziwa Viktoria yana kichocho, ambacho hakimdhuru mwenye goti bandia peke yake bali yeyote anayesimama humo. Siku za kwanza aende kwa nusu siku, saa ambazo soko limepoa, mtu wa kumsaidia akiwa karibu, na asubuhi inayofuata mliangalie goti kwa kipimo kilekile nilichokupa: akiamka limevimba zaidi, siku hiyo abaki nyumbani na barafu na mazoezi, kisha ajaribu tena kesho yake kwa muda mfupi zaidi.